Vitamini haiko dawa ya tension

Siku ya mushahara, mbele ya mulango wa kampuni, wauzaji wanapanga meza zao. Kuna saa, viatu, unite za telefone, na siku hizi kuna vitamini: za kumeza, za kutia ndani ya maji zikatoa povu, hata za sindano. Muuzaji anapaza sauti: "Papa, hii inaongeza nguvu, inaongeza damu, inashusha tension!" Na sisi tunatoa makuta.

Kamarade wetu mumoja, dereva wa kamyo kubwa ya mugodi, alinunua. Alikuwa na tension tangu miaka mitatu, na munganga alimupatia vidonge vya kila siku. Lakini visite médicale ilikuwa inakaribia, naye aliogopa: wakiona tension, watamutoa ku kazi. Akaacha vidonge vya munganga, akashika vile vya povu, kimoja asubui, kimoja mangaribi. Alituambia kama anajisikia muzuri. Kiisha miezi miwili upande wake wa kuume ukafa. Leo iko muzima, lakini bibi yake njo anamulisha.

Alikuwa anajisikia muzuri: hapo njo kuna mutego. Kwa watu wengi tension haiume. Inaharibu moyo, figo na mishipa ya kichwa polepole, na mwenyewe hajui kitu. Ni mashini tu inaweza kuionyesha. Kama ukipimwa siku mbalimbali na kila mara inafika 140/90 ao kupita, unapaswa kufuatwa na munganga. Ukae kwanza dakika tano, upumzike, ndipo upimwe. Usipimwe mbio mbio wakati unatoka kukimbilia bisi.

Na vitamini je? Wachunguzi walizijaribu. Vitamini C, kwa majaribio ya wiki chache, ilishusha tension kidogo tu. Mutu mwenye 170 hawezi kuponea hapo. Vitamini D, majaribio makubwa hayakuonyesha kama inaishusha. Sisemi kama vitamini ni mbaya. Munganga anaweza kuiandikia mama mwenye mimba ao mutu anayeikosa mwilini. Lakini haiwezi kukaa pa nafasi ya dawa ya tension.

Tena ile ya povu iko na hatari yake. Ili kidonge kitoe povu, mara nyingi wanatia ndani bikarbonate yenye sodium, na sodium njo ile ya ndani ya chumvi inayopandisha tension. Kidonge kimoja kinaweza kubeba sawa na nusu gramu ya chumvi, ao zaidi. Mwaka 2013, wachunguzi wa Uingereza waliangalia wagonjwa zaidi ya milioni moja: wale waliokunywa mara nyingi dawa za povu zenye sodium walipatikana na tension kuliko wengine. OMS inasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kidogo kimoja. Na sisi tuko na makayabu, tuko na cube ndani ya kila chungu.

Wamama, ni ninyi munashika chungu. Makayabu ilowekwe usiku muzima, maji yamwangwe. Cube ipunguzwe. Maharagi, lengalenga, matembele na ndizi vinasaidia mwili kuliko kile kichupa cha ku mulango, na bei yake tunaiweza. Lakini mutu mwenye ugonjwa wa figo aulize munganga kwanza.

Kwa wakubwa wa makampuni, sendika iko na neno. Code du travail ya 2002 inamulazimisha mwenye kuajiri kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Basi dawa za tension zisikosekane hata mwezi mumoja, na wale wa sous-traitance wasisahauliwe. Kama munganga anakataza mutu asipande kamyo kwa muda, apewe kazi ingine, asifukuzwe. Woga wa kufukuzwa njo unauza vitamini ku mulango.

Na kwenu wandugu: musiache dawa bila kumuuliza munganga. Kama inawasumbua, mumwambie, ataibadilisha. Kama munaogopa visite, mukuje kwanza kumuona delege wenu. Ugonjwa unaofichwa, sendika haiwezi kuutetea.