Macho ya Mchezaji Mbele ya Skrini

Miongoni mwa burudani zilizoenea kwa kasi katika miji yetu ni michezo ya video. Huchezwa nyumbani kwa simu za mkononi, na vibandani kwa mashine zilizounganishwa na televisheni. Kijana aliyeketi kucheza saa tisa alasiri huweza kuinuka saa mbili usiku, macho yakiwa mekundu na yakimwasha. Wazee husema kwamba mwanga wa skrini umemwunguza macho. Je, kauli hiyo ina ukweli kiasi gani?

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mwanga wa skrini ni hafifu sana ukilinganishwa na mwanga wa mchana, na hakuna ushahidi kwamba skrini za kawaida huunguza retina. Hatari imo katika mambo matatu ambayo mchezaji huacha kuyafanya: kupepesa macho, kutazama mbali, na kukaa nje wakati wa mchana.

Tuanze na kupepesa macho. Konea, yaani sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, hufunikwa na tabaka jembamba la machozi, ambalo hutandazwa upya kila kope zinaposhuka. Mtu aliyetulia hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Mbele ya skrini, idadi hiyo huweza kupungua hadi nusu au chini ya hapo. Mchezaji anayeogopa kupitwa na tukio moja hukodoa macho bila kujua. Machozi huvukizwa, konea hukauka, na jicho huwasha na kuona ukungu. Dalili hizo huondoka baada ya kupumzika; wala hakuna haja ya kununua miwani ya kuchuja mwanga wa buluu, kwa maana mapitio ya majaribio 17 yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho.

Jambo la pili ni umbali. Tunapotazama kitu kilicho karibu, musuli unaoizunguka lenzi ya jicho hujikaza, na lenzi huvimba ili taswira iangukie kwenye retina. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukokotoa nguvu ya ziada inayohitajika: agawanye 1 kwa umbali uliopimwa kwa mita, naye atapata jibu katika diopta. Kwa televisheni iliyo umbali wa mita 2, jibu ni diopta 0.5. Kwa simu iliyoshikwa sentimita 20 kutoka machoni, jibu ni diopta 5, yaani mara 10 zaidi. Basi mchezo ule ule huuchosha musuli kwa viwango tofauti kabisa. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mchezaji atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, ili musuli ulegee.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtoto likirefuka kupita kiasi wakati wa kukua, taswira ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina, na mtoto hushindwa kusoma ubaoni. Milimita 1 tu ya ziada huleta kasoro ya diopta 2.5 hadi 3 hivi. Miwani husahihisha taswira, lakini haiwezi kulifupisha jicho lililokwisha kurefuka; na kasoro ikiwa kubwa, humwongezea mtu hatari ya retina kubanduka katika utu uzima. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba ifikapo mwaka 2050 karibu nusu ya watu duniani watakuwa na kasoro hiyo ya kutoona mbali.

Je, mwendo huo waweza kupunguzwa? Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikuwa haya: baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata kasoro, ilhali katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba walikuwa asilimia 39.5. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe dopamini, kemikali ambayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka.

Kutokana na hayo, kumnyang'anya mtoto simu na kumfungia ndani na kitabu hakutoshi, kwani kitabu nacho husomwa kwa karibu. Mwanga wa darasani aghalabu ni luksi 300 hadi 500. Kivulini nje, wakati wa mchana, hufika maelfu. Na juani huweza kufika luksi 100,000. Si lazima mtoto achomwe na jua, wala asilitazame jua lenyewe kamwe: kivuli cha mwembe chatosha. Nchi zetu zimejaliwa mwanga huo mwaka mzima, lakini haumfai kijana aliye ndani ya kibanda chenye pazia.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo la kwanza darasani kwa saa tu. Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja azungumze na mwenzake kwa dakika 3, kisha acheze mchezo wa simu kwa dakika 3, huku mwenzake akihesabu, bila kumwambia, ni mara ngapi anapepesa macho. Hesabu za darasa zima ziandikwe ubaoni na wastani utafutwe. Na mwanafunzi atakayelazimika kukunja macho ili azisome hesabu hizo kutoka kiti cha nyuma, apelekwe kupimwa macho bila kuchelewa.