Logi Ikipungua, Usidhani Seva Imepumzika

Siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani, tovuti inapoanza kuelemewa, fundi anayeitwa kwanza hufungua logi ya seva ya Apache na kuhesabu mistari. Tuseme dakika kumi zilizopita ilikuwa elfu tatu kwa dakika, sasa ni mia tano. Anashusha pumzi: watu wamepungua. Huku nyuma simu zinamiminika kwamba ukurasa haufunguki. Hesabu yake ni sahihi na wanaopiga simu wanasema kweli. Kasoro ni kwamba ametazama mahali pamoja tu.

Logi yenyewe ni kitu chepesi. Kila ombi huacha mstari mmoja, kwa mpangilio uliorithiwa kutoka NCSA HTTPd, seva iliyoanza kutengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993 na ambayo juu yake Apache ilijengwa mwaka 1995. Tazama mstari huu wa mfano:

192.0.2.45 - - [14/Jan/2025:10:02:31 +0300] "GET /matokeo/orodha.html HTTP/1.1" 200 5123

Mwanzoni ni anwani ya IP ya aliyeomba (hii imetoka katika fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo si ya mtu). Inafuata saa ombi lilipopokelewa, halafu kilichoombwa. Namba 200 maana yake ombi limejibiwa vizuri, na 5123 ni ukubwa wa jibu kwa baiti. Mahali pa 200 ukikuta 404, ukurasa ulioombwa haupo. Ukikuta 500 au 503, tatizo liko kwenye seva yenyewe.

Kuhesabu haya hakuhitaji mfumo wa kununua. Lugha ya Python huja na maktaba zake, na katika moduli ya collections kuna kihesabio kiitwacho Counter: unakimiminia data, kinakupa idadi ya kila aina. Skripti ya mistari michache husoma logi, hukata kila mstari penye nafasi, huchukua kipande cha tisa, ambacho ndicho namba ya jibu, na kukihesabu kwa dakika. Weka tahadhari kidogo tu, kwa sababu roboti zinazozurura intaneti hutuma maombi mabovu yasiyotimiza vipande hivyo, na skripti isiyojiandaa hufia hapohapo. Halafu usigeuze idadi ya anwani kuwa idadi ya watu. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukiifungia anwani "inayosumbua" huenda umewafungia wanafunzi wa mtaa mzima.

Sasa lile linalomponza fundi wetu. Apache huandika mstari wa logi baada ya kumaliza kumhudumia mteja. Saa inayoonekana ni ya kupokelewa kwa ombi, lakini mstari wenyewe haupo mpaka ombi limalizike. Ni kama daftari la getini ambalo mgeni husaini anapotoka: ukitaka kujua waliokwama ndani, daftari hilo halikusaidii kitu. Maombi mia mbili yakiwa yanangoja hifadhidata iliyolemewa, logi iko kimya.

Waliomo ndani huonekana kwingine. Apache ina moduli ya mod_status, ambayo Debian na Ubuntu huiwasha zenyewe na kuruhusu isomwe kutoka ndani ya mashine hiyohiyo peke yake. (Iache hivyo. Ukurasa wake huonyesha anwani za wateja na kurasa wanazoomba, na si haba zilizoachwa wazi mbele ya dunia nzima.) Skripti ikiomba /server-status?auto hupata maandishi matupu, na kati yake ubao wa namna hii:

WWWWWWKWWWWW_WWWWWWW....

Kila alama ni nafasi ya mhudumu mmoja, yaani sehemu ya Apache inayoshughulikia ombi. Mstari wa chini ni mhudumu asiye na kazi, nukta ni nafasi tupu, K ni anayeshikilia laini akingoja mteja yuleyule aombe tena. W ni anayetayarisha au kutuma jibu, hata kama anachofanya ni kuingoja hifadhidata. Ubao huo hapo juu umebakiwa na mhudumu mmoja huru. Na wateja wanapochoka kusubiri hubonyeza kupakia upya, na kila wanapobonyeza ombi jipya huongezeka, wakati lile la mwanzo aghalabu bado limeshikilia mhudumu.

Wengi hapa hukimbilia kuongeza idadi ya wahudumu. Mimi naona hiyo ndiyo dawa ya kujaribu mwisho. Katika prefork, mtindo mmojawapo wa Apache wa kuendesha wahudumu, kila mhudumu ni mchakato unaojitegemea, na kikomo cha kawaida ni 256; kila mmoja akila megabaiti 40 za kumbukumbu, wote watataka zaidi ya gigabaiti 10. Tena wahudumu wapya wataenda kupanga foleni kwenye hifadhidata ileile.

Skripti nayo ina mtego wake. Ombi la kusoma ubao huhudumiwa na wahudumu walewale. Wote wakishikwa, nalo hupanga foleni. Kitendakazi cha urlopen, katika maktaba ya urllib, kisipopewa kikomo cha muda kinaweza kungoja bila mwisho, yaani mfuatiliaji wetu, skripti hiyo, naye anakwama saa ileile anapohitajika. Mpe timeout ya sekunde tano, na akikosa jibu usimwache aruke kimya kimya: aandike saa na maneno "hakuna jibu", kisha ajaribu tena. Mfululizo wa "hakuna jibu" ni habari tosha.

Basi skripti iandike mambo mawili kwenye mstari mmoja kila dakika: maombi yaliyomalizika kwa mujibu wa logi, na wahudumu walioshikwa kwa mujibu wa ubao. Maombi yakishuka na walioshikwa wakishuka, kweli watu wameondoka. Maombi yakishuka huku walioshikwa wakipanda, mpigie simu anayesimamia hifadhidata kabla hujagusa mpangilio wowote wa Apache.