Nakala Moja Ivuke Maji

Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapofika kiasi cha asilimia 75. Punje hulowa, kisha zikayeyuka bila kumwagiwa hata tone. Chumvi ya bahari ina tabia kali zaidi, kwa kuwa ndani yake mna magnesi kloridi, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kisiwani Mombasa hewa ni nadra kukauka kiasi hicho. Kwa hivyo vumbi la chumvi linaloingia madirishani Mji wa Kale, likatua juu ya makabati na ndani ya matundu ya kupitishia hewa ya kompyuta, huwa majimaji karibu saa zote, ingawa jicho halioni kitu.

Maji ya chumvi hupitisha umeme. Kwenye bodi ya kompyuta njia za shaba zimekaribiana kwa nafasi isiyofika milimita moja, na utando mwembamba wa maji hayo ukitanda juu yake, umeme hupita pasipokuwa na njia. Chembe za metali hung'oka upande mmoja, zikasafiri ndani ya utando na kujijenga upande wa pili, zikitoa matawi membamba kama mizizi ya mikoko. Siku matawi yanapogusana, bodi imekufa. Wapitie mafundi wa simu na kompyuta kuanzia Kibokoni hadi barabara ya Digo, utawaona wakisugua bodi kwa mswaki uliochovywa spiriti. Wanachokitoa ni unga wa kijani ulioganda kwenye ncha za shaba. Mwenye mashine husimama kando, na swali lake huwa moja: fundi, picha zangu zitatoka?

Haulizi habari ya mashine, kwa sababu mashine hununuliwa nyingine. Ndani yake mna video za harusi za watu ambao wengine wameshafariki, daftari la madeni la duka la leso Biashara Street, tasnifu ya mwanafunzi, hati za nyumba zilizopigwa skani baada ya karatasi kuanza kuliwa na mchwa, sauti ya nyanya akisimulia alivyoolewa. Diski zote hufa, hilo halina mjadala. Linaloniuma ni kwamba data nyingi hapa kwetu hupotea kwa sababu nakala zake zote zimelala chumba kimoja, zikivuta hewa moja na kuning'inia kwenye soketi moja.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba adui mkubwa wa diski ni joto. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaonyesha kwamba uhusiano wa joto na kuharibika kwa diski ni dhaifu kuliko watu walivyodhani. Mwaka 2016 ukaja uchunguzi mwingine, wa diski takriban milioni 1 katika vituo 9 vya data vya Microsoft, na huo ndio unaotuhusu sisi wa pwani: unyevu wa hewa ulionekana kuathiri diski kuliko joto. Zaidi ya hayo, kilichodhurika sana ni saketi zinazoiongoza diski na viunganishi vyake, yaani zile sehemu za shaba anazozisugua fundi wa Kibokoni.

Hapo pana tumaini na pana hatari. Tumaini ni kwamba diski ikizima kwa sababu ya bodi yake, mara nyingi sahani za sumaku zilizobeba data ni nzima. Hatari ni haraka ya mwenye mali. Bodi ya diski nyingine ya aina ileile mara nyingi haitoshi kuiwasha, kwa sababu diski nyingi za kisasa zina chipu ndogo yenye vipimo vyake pekee, na chipu hiyo lazima ihamishwe. Diski inayogonga-gonga ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kichwa cha kusoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kikianza kugusa, kila unapoiwasha diski hiyo unajikwangulia data yako mwenyewe. Izime, usiiguse tena, mtafute mtu mwenye chumba kisicho na vumbi.

Stima nayo ina sehemu yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika faili ikabaki na nusu faili. Umeme ukirudi kwa kishindo, huunguza. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, huipa mashine dakika za kujifunga kwa utaratibu, na kwa mwenye biashara hiyo ni bidhaa ya lazima. Jambo jingine, lisilosemwa sana, ni umande. Adhuhuri ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, umande hutanda juu ya chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Laptopu iliyoshinda kwenye ofisi ya kiyoyozi, ikitolewa nje na kufunguliwa papo hapo, hutokwa na umande ndani na nje. Iache mkobani hadi ipate joto.

Na flashi? Flashi na diski za SSD huhifadhi data kwa chaji za umeme zilizonaswa ndani ya seli ndogo sana. Zikikaa bila kuunganishwa na umeme, chaji huvuja taratibu, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Flashi ni chombo cha kubebea. Kumbukumbu za miaka 10 usizitie humo ukafunga droo.

Mji huu unaijua kazi ya kuhifadhi kwa njia nyingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, yalibaki kwa sehemu kubwa vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi akayakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika. Akashirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na makaratasi ya Taylor yakaishia London, ambako sasa yamo katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha mashairi hayo kuwa diwani huko Johannesburg. Kifua, karatasi, kitabu: vyombo vitatu vya namna mbalimbali, katika miji mitatu. Mashairi ambayo hakuna aliyeyakumbuka Mwalimu Sikujua alipokwenda kuuliza, hatuna njia ya kuyapata tena.

Karibu na zama zetu, hati za kale za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha za dijitali chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kanuni ya mradi huo ni kwamba hati asili hazisafirishwi, na nakala ya picha huachwa nchini zinakotoka. Kanuni hiyo ingeweza kuonekana kuwa adabu tu. Mwezi Oktoba 2023 wavamizi wakaingia katika mifumo ya maktaba hiyo, wakafunga data kwa programu ya kudai fidia, na maktaba ilipokataa kulipa wakamwaga mtandaoni kiasi cha gigabaiti 600 za data walizoiba. Huduma nyingi za mtandaoni zilikatika kwa miezi. Maktaba ilieleza baadaye kwamba nakala salama za makusanyo yake ya dijitali ilikuwa nazo, lakini haikuwa na mitambo mizima ya kuzirudishia. Kwa yule mwenye nakala mkononi, palepale nyumbani, kanuni ya kuacha picha nchini ilikuwa na thamani kubwa kuliko adabu.

Programu za namna hiyo haziwatafuti wakubwa peke yao. Mei 2017 ile iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikifunga faili za kompyuta za Windows zilizochelewa kusasishwa. Zikishaingia, hufunga kila kinachofikika, ikiwemo diski ya nje iliyoachwa imechomekwa usiku na mchana. Diski ya akiba ichomekwe wakati wa kunakili, ichomolewe kazi ikiisha. Wala folda inayojioanisha yenyewe na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, isikupe usingizi: ukifuta faili kwenye laptopu, hufutika na kule, ikiharibika hapa, huharibika na huko, isipokuwa huduma yako ina desturi ya kuweka matoleo ya zamani.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliifupisha kazi hii kwa tarakimu ambazo wataalamu wengi wanazitumia: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mahali pengine. Kwa mkazi wa kisiwani, mahali pengine maana yake ni kuvuka maji. Kumpa dada anayekaa Likoni au Nyali diski ni hatua njema, kwani moto wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, hauvuki kivuko wala daraja. Hata hivyo, dada huyo anavuta hewa ileile ya chumvi na kutumia stima ileile. Mwenye jamaa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ana bahati kubwa zaidi: ampe mtu anayepanda treni, diski ikae huko, ibadilishwe anaporudi.

Wengi watasema wingu limemaliza shida hiyo. Piga hesabu. Intaneti inayopakia kwa megabiti 5 kwa sekunde itachukua karibu saa 44 kupandisha gigabaiti 100, bila kukatika hata kidogo. Treni inafika mapema zaidi. Na wingu lenyewe linatufikia kupitia kebo za chini ya bahari. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata kebo ya TEAMS. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na Tanzania kwa pamoja. Data haikufa siku hizo, ila ilikuwa mbali. Hatari ya karibu zaidi ni ya akaunti yenyewe: imefungwa kwa nambari ya simu, laini inaibwa au inazimwa, na mwenyewe anabisha mlango wake asifunguliwe. Misimbo ya dharura ya kufungulia akaunti iandikwe kwenye karatasi, iwekwe na hati za nyumba.

Nakala inayotoka nyumbani ifungwe kwa nenosiri, kwa programu ya kusimba diski nzima. Kwa zahanati, shule na maduka yenye majina na nambari za wateja, jambo hili lina uzito wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru.

Yote haya hayana maana iwapo nakala haifunguki. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata iliyokuwa kazini. Walipokimbilia nakala, waligundua kwamba kati ya njia 5 walizoziandaa hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi huyo aliitoa saa 6 kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa hivyo ichukue diski ya akiba hadi kwenye kompyuta isiyo yako. Fungua video ya harusi uitazame hadi mwisho, maana picha ndogo ya jalada huonekana hata faili ikiwa imeoza katikati. Fungua hesabu za duka, uone kama programu inazisoma bila kudai ufunguo ulioachwa kwenye mashine iliyokufa. Halafu rudisha diski ndani ya kopo linaloziba vizuri, pamoja na vifuko vipya vya kunyonya unyevu, na kazi hiyo iwe imekwisha mwezi Machi, kabla ya masika ya Aprili na Mei.