Neno «matatu» katika Sheria na katika Matumizi ya Watu

Serikali itakapo kutawala umilikaji wa magari na namna yanavyogeuzwa umbo, huanza kwa kuyapa majina. Hutaja lipi ni gari la abiria, lipi la mizigo, na lipi la mtu binafsi. Ndipo huweka leseni, kodi na adhabu. Basi jina likiwa na mipaka miwili, mmoja wa sheria na mwingine wa watu, utata haukosi kuzuka. Neno «matatu» la Kenya ni mfano ulio dhahiri.

Asili yake hutajwa kuwa nauli ya Nairobi, senti 30, yaani mapeni matatu. Nomino «mapeni» ikaachwa, kikabaki kivumishi cha idadi, nacho kikageuka nomino. Kiambishi ma- hakitawali tena upatanisho: husemwa «matatu hii» na «matatu hizi». Hata hivyo maana ya hesabu haikufa, maana wasemaji wa Sheng wameunda «mathree», wakitia hesabu ya Kiingereza mahali pa -tatu na kuiacha ma- palepale.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Marekebisho ya mwaka 1984 yakayatia chini ya leseni na ukaguzi. Sheria ya Trafiki, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikalitwaa neno hili la Kiswahili kama lilivyo, lakini ikalipa maana yake yenyewe: gari la abiria wa kulipa lenye viti visivyozidi 25, bila ya kuhesabu cha dereva, wala si motokaa. Likizidi hapo ni basi.

Watu hawahesabu viti. Gari la abiria 33, lililopakwa picha na kutiwa taa za rangi na muziki wa kishindo, kwao ni matatu. Tena likipendeza sana huitwa «nganya». Sheria hupima ukubwa. Watu hutazama kazi na sura.

Masharti yaliyoanza tarehe 1 Februari 2004 yaliigusa sura hiyo. Yalidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro nayo ilizuiwa, hata mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotamka kwamba iachwe. Kanuni za mwaka huohuo zikagusa umilikaji: anayetaka kuendesha biashara hiyo sharti awe ndani ya kampuni au chama chenye magari yasiyopungua 30. Hivyo «mwenye matatu» ana gari, lakini leseni ya biashara haipati akiwa peke yake.

Jambo hili si la wanaisimu tu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Mfasiri wa sheria atalikuta «matatu» limekwisha andikwa, naye atadhani kazi imekwisha. Akiliacha bila ya maelezo, mwenye gari la viti 33 atajiona ametajwa pale asipotajwa, na masharti yanayomhusu hasa, yaliyoandikwa kwa jina la basi, atayapita. Neno lililoazimwa na sheria halirudi kwa wenyewe kama lilivyotoka; yafaa lirudi pamoja na hesabu ya viti vyake.