Je, Kinga za Miguu Zina Faida Shambani na Porini?

Baadhi ya kamati za sharika za Nachingwea na Ruangwa zimetuuliza kama fedha za mradi zitumike kununua kinga za miguu kama zile wanazovaa watalii na wawindaji wenye leseni. Kinga hiyo ni kipande cha turubai au ngozi kinachofungwa kuzunguka mguu, kuanzia juu ya kiatu hadi chini ya goti. Jibu letu kwa kifupi: zina faida, lakini kiatu cha kufunika kitangulie.

Kwa nini mguu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2019 lilitangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wanaoumwa zaidi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini, na mara nyingi jeraha huwa kwenye unyayo, kifundo au chini ya goti.

Kifutu ni mfano mzuri. Hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hutulia tuli, rangi yake ikifanana na majani makavu, na huuma anapokanyagwa. Majani hayo ndiyo tunayokanyaga wakati wa kuokota korosho, na wengi wetu huokota tukiwa na kandambili au miguu mitupu.

Kila vazi na kazi yake

- *Kinga ya turubai au jinzi nzito:* huzuia miiba, mbegu za nyasi na upupu, na hupunguza kupe. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kuishona. Lakini meno ya kifutu ni marefu na yanaweza kupenya kitambaa.
- *Kinga ya ngozi nene:* ni imara zaidi, ila ni nzito na ina joto.
- *Mabuti ya mpira:* hufunika unyayo, kifundo na sehemu kubwa ya mguu. Yanatoa jasho, lakini kwa palizi na uokotaji ndiyo yanayofaa zaidi. Yakung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwani nge hujificha ndani.
- *Kinga juu ya kandambili:* huacha wazi mahali penyewe panapoumwa.

Mipaka yake

Kinga ya mguu haiokoi mkono. Tumia fimbo kupekua majani kabla ya kuokota, na kabla ya kuinua matita ya ufuta. Haizuii mate ya swila machoni. Hayo huoshwa mara moja kwa maji mengi safi. Koboko anaweza kuuma juu ya goti. Usiku, tochi ni muhimu kama kiatu.

Mtu akiumwa, atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu, mguu usitikisike, na apelekwe hospitali haraka. Asichanjwe, asifyonzwe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, wala asicheleweshwe kwa jiwe la nyoka.

Ushauri wetu kwa kamati

1. Orodhesheni kwanza wanaookota na kupalilia bila viatu, wakiwemo akina mama na watoto. Jozi moja ya baba haimkingi mtoto.
2. Nunueni mabuti kwa vipimo vya miguu yao. Kinga za turubai zifuate, kwa warina asali na wanaopita nyasi ndefu.
3. Ulizeni mapema ni hospitali ipi ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, na wekeni akiba ya nauli ya pikipiki au gari.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mchango wa mabuti uende pamoja na akiba hiyo ya usafiri. Buti hupunguza idadi ya wanaoumwa. Yule atakayeumwa bado atahitaji kufika hospitali mapema.