Video za Kiduha Zinazovuka Mpaka kwa Flashi

Mkulima wa mahindi huku Busia hahitaji kuelezwa kiduha ni nini. Kinanata kwenye mizizi ya mahindi kikiwa bado ardhini, na maua yake ya zambarau yanapochanua, hasara imeshaingia. Mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Anachohitaji mkulima ni kuonyeshwa jinsi ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari na nepia kuzunguka shamba, mbinu iliyokuzwa na watafiti wa kituo cha icipe kule Mbita. Video za kupambana na kiduha zipo mtandaoni bure. Taabu ni kuzifikisha kijijini.

Mimi naishi Busia upande wa Kenya. Kikundi cha wakulima cha shemeji yangu kiko nje kidogo ya Tororo, Uganda. Mpakani simu hushika mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza, na bando ulilonunua huku likakosa kazi. Uganda nako data hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mimi hupakua usiku, mtandao ukiwa mwepesi, nikahifadhi kwenye kompyuta, kisha flashi ndiyo inayovuka.

Video ya mtandaoni kwa kawaida haiji ikiwa nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na orodha fupi ya maandishi huiambia simu kipande kipi kinafuata. Kila kipande huwekwa kwa viwango kadhaa vya ubora, ndiyo sababu picha huingia ukungu mtandao ukidhoofika. Mara nyingi picha na sauti huletwa kila moja kivyake. Kupakua basi ni kukusanya vipande vyote, kuvipanga, na kuunganisha picha na sauti.

Tafuta kwanza kitufe cha kupakulia. Access Agriculture, shirika linalotoa video za wakulima kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, limekiweka kwenye tovuti yake. Pasipo kitufe, na mwenye video akiwa ameruhusu, kuna programu ya bure iitwayo yt-dlp, iliyochipuka kutoka youtube-dl mwaka 2021. Haina madirisha ya kubonyeza, unaandika amri. Andika yt-dlp -F, kisha anwani ya video, nayo itakupa jedwali la viwango vyote na, mara nyingi, ukubwa wa kila kimoja. Chagua kimoja, kisha uamuru kipakuliwe. Stima ikipotea katikati ya kupakua, hubaki faili lenye mkia wa .part, rudia amri ileile ya kupakua na kwa kawaida itaendelea pale ilipokatikia. Kwa mtu wa Busia, hilo peke yake linatosha kuipenda.

Usikimbilie ubora wa juu. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Ikienda kwa megabiti 4, hesabu hiyo inazidishwa mara nne. Kwa skrini ya laptopu, 480p inatosha kabisa. Flashi ikikataa faili kubwa ilhali nafasi ipo, huenda imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha uifomati upya kwa exFAT.

Si kila kitu ni cha kuchukuliwa. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya kitufe chake bila idhini, na Kenya na Uganda zote zina sheria za hakimiliki. Filamu za Netflix zimefungwa kwa makusudi, ziache zilivyo. Kampuni hiyo hata iliondoa upakuaji kwenye programu yake ya Windows mwaka 2024.

Kule Tororo video huchezwa kwenye laptopu, shemeji akitafsiri kwa Kidhopadhola. Ikifika mahali kiduha kinapong'olewa kabla hakijatoa maua, akina mama husema, "Rudisha hapo." Tunarudisha, tunasimamisha picha, wanabishana kuhusu wiki ya kupalilia, tunarudisha tena. Kwa kutazama mtandaoni, bando lingekwisha kabla ubishi haujaisha.

Wewe mwenye kompyuta na jamaa anayelima, mpigie leo umuulize shamba lake linasumbuliwa na nini, kisha umpakulie.