Chombo chako, kufuli la mwingine

Pikipiki na magari ya umeme yanauzwa sasa kwa vifurushi kama vya simu. Anayenunua na kuuza ng'ambo ya mpaka aulize nini kabla ya kutoa pesa?

KANSANGA, Kampala

KWENYE Barabara ya Ggaba, kati ya Kabalagala na Bunga, mzigo hausubiri. Samaki wanapanda kutoka mwalo wa Ggaba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIU) wanashuka kwenye teksi, na mwenye duka anatuma bodaboda ikachukue boksi la bidhaa mjini kabla mteja hajabadili mawazo. Katika msururu huo wa bodaboda, zile zisizo na bomba la moshi hazimshangazi mtu tena.

Kinachostahili kuangaliwa ni karatasi zake. Mwenye pikipiki ya petroli akimaliza deni, chombo ni chake chote, kuanzia tairi hadi tangi. Kwa pikipiki nyingi za umeme zinazotembea Kampala mambo si hivyo. Fremu na mota ni za dereva, lakini betri ni ya kampuni. Dereva anafika kwenye kituo cha kubadilishia, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipa na kuondoka. Siku akikosana na mwenye betri, anabaki na chuma.

Mpango huu haufichwi. Zembo, iliyoanza Kampala mwaka 2018, na Ampersand, iliyoanza kazi Kigali mwaka 2019, zimejenga biashara yao juu ya betri za kubadilisha. Spiro, ambayo mwaka 2023 ilikubaliana na Serikali ya Uganda kuleta pikipiki 140,000, inafuata njia hiyohiyo. Jijini Nairobi, BasiGo ilipoanza mwaka 2022 iliwauzia wenye matatu basi la umeme kwa bei isiyo na betri ndani yake, kisha betri na chaji vikalipiwa kwa kila kilomita inayokwenda.

Mtu anaweza kusema hakuna jipya hapo, kwani hata petroli hulipiwa kila siku. Ni kweli. Ila dereva akikosana na kituo kimoja cha mafuta, anavuka barabara na kujaza kwa jirani. Wala hakuna muuza petroli anayeweza kuzima injini ya mteja wake akiwa amekaa ofisini. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, na mwenye betri anaiona ilipo. Katika biashara hii kulipa kila siku ni kawaida. Kipya ni kwamba wa kumlipa ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kufuli.

Kifurushi ndani ya gari

Wenye magari ya bei kubwa huko ng'ambo wamelikuta jambo hili kwa sura nyingine. Julai 2022 habari zilienea kwamba BMW inawatoza wateja wa Korea Kusini takribani dola 18 kwa mwezi ili kiti kiwapashe joto. Waya za joto zilikuwa tayari zimefungwa chini ya kiti tangu kiwandani, kilichokosekana ni ruhusa tu. Kelele zilikuwa nyingi, na Septemba 2023 kampuni ikasema haitauza tena joto la viti kwa mtindo huo, ingawa huduma za programu zingeendelea kuuzwa.

Novemba 2022 Mercedes-Benz ilitangaza kwa wateja wa Marekani kwamba wenye magari yake ya umeme ya EQE na EQS wanaweza kuyafanya yachomoke kwa kasi zaidi kwa dola 1,200 kwa mwaka. Mota haibadilishwi. Anayekaa na gari miaka mitano akilipa kila mwaka atakuwa ametoa dola 6,000 kwa nguvu ambayo gari lilizaliwa nayo.

Mwaka 2025 Volkswagen ikafanya hivyo nchini Uingereza kwa gari la ID.3, kwa pauni 16.50 kwa mwezi, au 165 kwa mwaka, au 649 kwa mkupuo mmoja. Hesabu yake ni rahisi. Anayelipa kila mwezi, ikifika mwezi wa 40 amekwishapita bei ya mkupuo. Na kuna jambo la kuangaliwa na muuza magari. Nguvu iliyolipiwa kwa mkupuo inabaki na gari hata likibadilisha mikono. Ya mwezi hudumu kadiri malipo yanavyoendelea.

Kufuli hilo huweza pia kufunguliwa kwa wema. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinakaribia jimbo la Florida, Tesla ilifungua kwa muda sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa kwa programu katika baadhi ya magari yake, ili wenyewe wakimbie mbali zaidi. Ulikuwa msaada wa kweli. Ulionyesha pia kwamba watu hao walikuwa wakibeba kila siku betri kubwa kuliko waliyoruhusiwa kutumia, na kwamba mkono wa kiwanda ulikuwa unafika ndani ya gari.

Gari la mnada lililopungua njiani

Kwa wanaoishi kwa kununua na kuuza, kisa cha kujifunza ni kile kilichojulikana mwanzoni mwa mwaka 2020. Gari la Tesla Model S lililokwishatumika liliuzwa mnadani kwa muuza magari, naye akaliuza kwa mteja. Liliponadiwa lilikuwa na uwezo wa kujiendesha kwa kiasi fulani, ambao hulipiwa maelfu ya dola. Baada ya hapo kampuni ikauondoa kutoka mbali, ikisema mwenye gari hakuulipia. Habari zilipotoka magazetini, kampuni ilisema kulikuwa na mkanganyiko wa mawasiliano, na uwezo huo ukarudishwa.

Mteja huyo alikuwa Marekani, karibu na waandishi na mawakili. Mnunuzi wa Kansanga, Bukavu au Juba aliyepokea gari kupitia Mombasa angemlilia nani?

Swali hili ni la Uganda hasa. Tangu Oktoba 1, 2018, nchi imezuia kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, wakati Kenya inakomea miaka minane. Gari ambalo haliwezi tena kusajiliwa Mombasa bado linaweza kupita Mombasa likielekea Kampala. Kwa injini ya petroli, miaka hiyo ni suala la fundi na vipuri. Kwa gari linalotegemea programu, kuna umri mwingine, ule wa huduma inayotoka kiwandani.

Wenye Nissan Leaf za zamani huko Uingereza waliuona umri huo. Aprili 2024 huduma ya kuongoza chaji na kiyoyozi kwa simu ilifungwa kwa magari yaliyotegemea mtandao wa kizazi cha pili, ambao kampuni za simu za huko zinauzima. Magari yaliendelea kutembea, lakini kitu kilichokuwa sehemu ya gari siku ya kuuzwa hakikuwepo tena. Na Juni 2024 kampuni ya Fisker ya Marekani ilipofilisika, wenye magari yake walilazimika kuungana na kutafuta wenyewe namna ya kuyatunza, programu zake zikiwemo.

Betri ya kukodi mbele ya mahakama

Ulaya nayo imewahi kuuza magari bila betri. Renault, kwa gari lake la Zoe, ilimruhusu mnunuzi kumiliki gari na kukodi betri kwa mwezi. Mpango huo unafanana sana na wa bodaboda za Kampala, na maswali yake yamekwishafika mahakamani.

Oktoba 26, 2022, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na chama cha kutetea walaji cha jimbo la Sachsen. Upande wa pili ulikuwa benki ya Ufaransa inayokodisha betri za magari ya umeme. Mkataba wake uliipa benki haki ya kuzuia betri isichajike, kutoka mbali, baada ya kuvunja mkataba na mteja. Mahakama ilisema kifungu hicho ni batili.

Hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria. Kwa kawaida, mwenye mali akitaka kumnyang'anya mpangaji, yeye ndiye huenda mahakamani. Kufuli la mbali linageuza mambo. Mwenye mali anafunga kwanza, na mpangaji ndiye anayehangaika kutafuta haki, gari likiwa limesimama. Isitoshe, kinachofungwa ni betri ya benki, lakini kinachokufa ni gari zima, ambalo ni mali ya mteja.

Uamuzi wa Ujerumani haumfungi hakimu wa Kampala wala Nairobi. Lakini hoja hiyo haina uraia.

Kwa nini watu wanakubali

Si haki kusema kufuli ni uovu mtupu. Betri ndiyo sehemu ghali ya chombo cha umeme, na ndiyo inayochakaa. Ikiondolewa kwenye bei, kijana asiye na hati ya ardhi wala mdhamini anaweza kuanza kazi. Ikichakaa, hasara ni ya kampuni. Na kufuli ndilo linalompa mkopeshaji moyo wa kumkopesha asiyemjua. M-KOPA ilianza Kenya mwaka 2012 kwa taa za sola zinazozimika malipo yakikatika, na leo simu za mkopo zinazojifunga ni jambo la kawaida Uganda na Kenya.

Tofauti ni moja kubwa. Deni la simu lina mwisho, na likiisha kufuli linaondoka. Kukodi betri hakuna mwisho. Anayeingia katika mpango huo ajue anaingia katika upangaji, hata kama kadi ya pikipiki ina jina lake.

Mpaka una maswali yake

Kutoka Kampala hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 200, na betri moja ya pikipiki haifiki hata nusu ya njia hiyo. Hivyo pikipiki ya betri za kukodi ni chombo cha mji wenye vituo vyake. Anayeinunua Kampala ili akaiuze Kasindi au Nimule anauza kitu ambacho mnunuzi wake hataweza kukitumia, isipokuwa kampuni ileile ina kituo huko na inakubali mteja mpya.

Mpakani pia karatasi zina uzito. Afisa anataka kuona mwenye chombo ni nani. Chombo chenye mkopo au betri ya kampuni kinahitaji barua ya mwenye mali, na ni afadhali kuipata Kampala kuliko kuitafuta kwa simu huku msururu wa malori ukisogea.

Sheria haijamwacha mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba mali anayouza haina dai la mtu mwingine ambalo mnunuzi hakuelezwa. Uganda kwa sheria ya mwaka 2019, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2017, zina madaftari ya mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana. La Uganda liko chini ya URSB. Kulikagua kabla ya kulipa ni kazi ndogo kuliko kufuata muuzaji aliyekwishahama. Hata hivyo, daftari linaonyesha madeni, halionyeshi kufuli lililo ndani ya programu. Hilo lazima liulizwe kwa mdomo na lijibiwe kwa maandishi.

Ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Kwanza, betri ni ya nani, na je, jina hilo limeandikwa kwenye mkataba wa mauzo? Pili, nani anaweza kuzima chombo kutoka mbali, kwa sababu gani, na baada ya kutoa taarifa ya siku ngapi? Tatu, kati ya vitu vinavyofanya kazi leo, ni vipi vinalipiwa kwa mwezi, na malipo ya mwisho yalifanyika lini? Nne, chombo kikiuzwa, huduma zinahamia kwa mnunuzi au zinabaki kwa mwenye akaunti ya zamani? Tano, kikivuka mpaka, bado kitafanya kazi?

Kwa gari la umeme lililotumika, muuzaji afute akaunti yake mbele ya mnunuzi na amwonyeshe kila kitu kikifanya kazi baada ya kufuta, si kabla. Kwa Nissan Leaf, mistari 12 midogo pembeni ya kipimo cha chaji huonyesha afya ya betri. Kila unaopotea ni sehemu ya betri ambayo hairudi kwa malipo yoyote ya mwezi.

Liko pia suala la siri. Betri inayojua ilipo inajua mfanyabiashara anachukua mzigo wapi na anaupeleka kwa nani. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mteja ana haki ya kuuliza taarifa hizo zinakwenda kwa nani.

Rwanda ilipoamua mwaka 2021 kuondoa kodi kwa vyombo vya umeme, na ilipoacha kusajili pikipiki mpya za petroli za biashara Kigali kuanzia Januari 2025, ilionyesha eneo linaelekea wapi. Nchi za Jumuiya zimekwishaanza kuvipunguzia kodi vyombo hivi ili viingie. Bado hazijasema kwa sauti moja nani ashike ufunguo vikishaingia, na hadi zitakaposema, mwenye kujilinda ni yule anayesoma mkataba akiwa bado ameshika pesa zake mkononi.